Mwandishi wa habari kuwa meya: Alonso Salazar wa Medellín alifanya nini hasa?

Kalamu ya Mtaa

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii hapa Dar. Kipindi chetu ni cha asubuhi, kero za mitaa: mitaro iliyoziba, taka, taa za barabarani, mwenyekiti hapokei simu. Mwenzangu ninayeendesha naye kipindi ametia nia ya udiwani, na tangu habari ivuje hana raha. Kila kona anaambiwa, "We kazi yako kuongea, kujenga umejifunza lini?" Mzee mmoja alipiga simu tukiwa hewani akamuuliza mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali ngapi za inchi sita. Jamaa akajibu, tena bila kusita, lakini studio ilishaangua kicheko na hoja ikapita.

Nikaanza kutafuta waandishi wa habari waliowahi kushika miji na miji ikabadilika. Jina linalojirudia ni Alonso Salazar, meya wa Medellín, Colombia, 2008 hadi 2011. Picha zinazoambatana naye ni zile zile: ngazi za umeme zimepanda mlimani katikati ya nyumba za matofali yasiyopigwa lipu, magari ya kebo yanapita juu ya mabati, maktaba nyeusi imekaa kwenye ukingo wa mlima.

Naomba mnijuze. Huyu alikuwa mwandishi kweli, au ni wale wanaoandika makala moja gazetini wakajiita waandishi maisha yao yote? Katika hivyo vyote, yeye alijenga nini na alikuta nini? Na pesa ilitoka wapi, maana nikienda hewani bila jibu la hilo nitaaibika.

Si kampeni jamani, ni kipindi tu.

Mzee wa Kigogo

Medellín si ndiko kwa Pablo Escobar? Mwanangu, huko pesa haijawahi kuwa tatizo. Funga uzi.

Binti Chumbageni

Shikamoo mzee. Unatania, lakini Escobar anaingia humu humu. Kulikuwa na dampo la jiji linaitwa Moravia, takataka zilimwagwa pale kuanzia 1977 hadi 1984, na juu ya takataka zile watu wakajenga na kuzaa. Escobar akajitokeza akawajengea mamia ya nyumba sehemu nyingine ya mji, na mtaa ule mpaka leo watu wanauita kwa jina lake. Kwa hiyo wazee wa huku walishamwona mtu mwenye pesa akija kuwajengea. Mtu wa kuja kuwauliza ndiye hawakumzoea.

Kalamu, mimi ni mtu wa Tanga, nafundisha Kiingereza huku Medellín na nimeolewa huku. Mume wangu ni wa Aranjuez, mama mkwe alikulia La Francia, zote ni mitaa ya milimani upande wa kaskazini-mashariki. Nitakujibu kwa ninavyoujua mji na kwa yaliyo wazi kwenye kumbukumbu. Itakuwa ndefu, jitayarishe.

Kwanza, mwandishi kweli kweli. Salazar alizaliwa 1960 kwenye mji mdogo uitwao Pensilvania, jimbo la Caldas, akasomea uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Antioquia hapa hapa Medellín. Mwishoni mwa miaka ya themanini, wakati magazeti yalikuwa yanahesabu maiti tu, yeye alipanda milimani na kinasa sauti akawahoji vijana wauaji wa kukodiwa, wale wanaokaa nyuma ya pikipiki. Akawahoji na mama zao. Kitabu chake cha mahojiano hayo kilitoka 1990. Mwaka uliofuata, 1991, waliouawa Medellín walizidi 6,000, katika mji ambao watu wake walikuwa hawajafika milioni mbili. Baadaye akaandika pia maisha ya Escobar, na kile kitabu ndicho kilichozaa ile tamthilia ya televisheni ya 2012 ambayo nina hakika hata Kigogo imeangaliwa.

Usidhani alitoka redioni Ijumaa, Jumatatu yuko ofisini kwa meya. Kati ya kitabu na umeya kuna miaka karibu kumi na nane. Alifanya kazi na asasi ya kiraia inaitwa Corporación Región. Mwaka 1999 yeye na wenzake, wengine walimu, wengine watu wa asasi, wengine wafanyabiashara, wakaanzisha kundi la kisiasa la wasio wanasiasa, Compromiso Ciudadano, wakamweka mbele mwanahisabati Sergio Fajardo. Uchaguzi wa 2000 wakaanguka. Wa 2003 wakashinda. Fajardo akawa meya kuanzia 2004, Salazar akawa katibu wake wa serikali ya jiji, yaani mtu wa usalama na migogoro: anayekaa na polisi asubuhi, jioni anakaa na mtaa uliopigwa risasi. Ndipo Oktoba 2007 akagombea mwenyewe. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Luis Pérez, aliyekuwa meya kabla ya Fajardo.

Hapo ndipo swali lako la "alikuta nini" linapoanza kuwa tamu. Magari ya kebo ya kwanza, njia K, kutoka stesheni ya Acevedo kupanda hadi Santo Domingo Savio, yalianzishwa na huyo huyo Luis Pérez. Yakaanza kubeba watu 2004, Fajardo akiwa kiti cha umeya. Maktaba nyeusi uliyoiona ni Parque Biblioteca España, kazi ya msanifu Giancarlo Mazzanti, ilifunguliwa 2007, pia chini ya Fajardo. (Hiyo maktaba usiisifu sana hewani. Vipande vya ukuta wa nje vilianza kuachia, ikafungwa miaka kadhaa. Watoto wa Santo Domingo walikaa na jengo maarufu duniani ambalo hawawezi kuingia.) Njia J ya kebo, San Javier hadi La Aurora, ilifunguliwa mwanzoni mwa umeya wa Salazar, 2008, lakini ujenzi aliukuta. Ngazi za umeme za Comuna 13, eneo la milimani upande wa magharibi, ndizo zake: vipande sita, jumla mita 384, wanasema ni sawa na kupanda jengo la ghorofa 28, na hakuna nauli. Zilifunguliwa mwishoni mwa Desemba 2011, siku chache kabla hajakabidhi ofisi.

Ukiuliza kipi kinamwonyesha mwandishi, mimi sikupeleki kwenye ngazi. Nakupeleka kwenye kijito kinaitwa Juan Bobo.

Juan Bobo kinateremka katikati ya Andalucía, mtaa jirani na wa mama mkwe. Familia karibu 300 zilikuwa zimejibana kingoni, vibanda vingine vimesimama juu ya maji kwa nguzo za mbao, choo kinashuka moja kwa moja kijitoni. Kanuni za mipango miji zinajulikana kila nchi: hilo ni eneo hatarishi, watu watoke. Wakati wa Fajardo, kampuni ya jiji ya maendeleo ya mji, EDU, chini ya msanifu Alejandro Echeverri, ikafanya kinyume. Walikaa na familia moja moja. Nani anamdai nani, nani ni jirani wa nani, nani ana duka dirishani, nani hawezi kupanda ngazi kwa sababu ya magoti. Wakajenga majengo madogo ya ghorofa pale pale kingoni, kwa awamu: unajenga moja, familia kadhaa zinahamia, unabomoa vibanda vyao, nafasi iliyopatikana unajenga la pili. Watu walihama hatua chache tu.

Kabla mtaa wowote haujachorwa ramani, walikuwa wanaita wakazi kwenye shule au ukumbi wa kanisa, wanawapa karatasi na kalamu za rangi, wachore mtaa wanaoutaka. Mume wangu alikuwa kijana wakati huo, alikwenda kwa sababu kulikuwa na soda. Anasema watu wazima walichora kidogo sana mambo makubwa. Walichora ngazi zenye kishikizo. Walichora taa.

Na daraja. Kati ya Andalucía na La Francia kuna bonde la kijito, si pana, ukipiga kelele unasikika upande wa pili. Lakini genge la huku na la kule walishauana vya kutosha, ikawa mpaka usioonekana: kijana wa La Francia akivuka, harudi. Mama mkwe ana dada yake upande wa pili. Miaka hiyo walikuwa wanapungiana mikono. EDU walijenga daraja la waenda kwa miguu juu ya bonde lile, na hata genge lenyewe liliwekwa kwenye mazungumzo kabla nguzo haijasimama. Hiyo kazi ya mazungumzo, kote mjini, ilikuwa ya ofisi ya Salazar. Mtu aliyewahi kukaa jikoni kwa mama wa muuaji akamsikiliza saa tatu, hiyo kazi anaiweza. Saruji wapo wanaoijua.

Pesa nitakuja nayo, naenda kufundisha.

Mpangamiji

Dada, umeeleza vizuri na mimi ni mtu wa fani, nipo Dodoma, Juan Bobo tulifundishwa darasani. Lakini tusimpe mdogo wetu wa redio hadithi ya kwamba maktaba zilizima bunduki.

Mauaji Medellín yalishuka sana kati ya 2003 na 2007. Kabla ya hapo, Oktoba 2002, jeshi na polisi waliingia Comuna 13 kwa helikopta na magari ya deraya, operesheni iliitwa Orión, wanamgambo wa mrengo wa kushoto wakafurushwa na wanamgambo wa mrengo wa kulia wakabaki wamekaa mahali pao. Bosi wa magenge ya uhalifu mji mzima akawa mtu mmoja, Don Berna. Akisema watu wasiuane, hawauani. Mei 2008 serikali ya Colombia ikampeleka Marekani kushtakiwa. Waliokuwa chini yake wakaanza kugombea kiti. Mwaka 2007 waliouawa mjini walikuwa chini ya 1,000. Mwaka 2009 walizidi 2,000.

Mwaka 2009 meya alikuwa nani? Salazar. Maktaba zipo, kebo ipo, daraja lipo.

Ninachokataa ni hii tabia ya mikutano ya kimataifa. Aprili 2014 Kongamano la Miji Duniani la UN-Habitat, shirika lenye makao yake Gigiri pale Nairobi, lilifanyika Medellín kwenyewe, na tangu hapo kila semina ya mipango miji Afrika Mashariki lazima uoneshwe slaidi ya ngazi za umeme. Halafu mtu anarudi ofisini anaomba kebo.

Binti Chumbageni

Kaka Mpangamiji, sipingi hata sentensi moja. Nikuongezee: msanii wa rap wa Comuna 13, Kolacho, aliuawa Agosti 2009. Vijana wenzake wakaanzisha kituo cha sanaa kikaitwa Casa Kolacho. Leo watalii wakipanda ngazi zile wanafurahia michoro ya ukutani, na wengi hawajui kwamba chimbuko lake ni msiba.

Tena ukifika juu kabisa ya ngazi, geuka utazame upande wa pili wa bonde. Kuna mlima umekatwa-katwa, wa kifusi, unaitwa La Escombrera. Tangu Orión akina mama walikuwa wanasema watoto wao waliopotea wamefukiwa pale chini ya vifusi vya ujenzi wa mji. Miaka zaidi ya ishirini wanaonekana wendawazimu. Desemba 2024 mabaki ya binadamu yakapatikana. Mji uliojengwa upya na kifusi chake ndicho kilichofunika watu, hebu fikiria.

Salazar mwenyewe, kwa haki, anajua hayo kuliko wote maana ameandika juu yake. Lakini kujua si kuweza. Wanaomlaumu huku wanamlaumu kwa 2009 na 2010, na wana haki. Wanaomtetea wanasema fedha za shule, kliniki na vituo vya watoto wadogo hazikusimama wakati risasi zinalia, na ngazi zilijengwa mtaa ukiwa vitani. Hilo nalo ni kweli. Mpango wa watoto chini ya miaka mitano, Buen Comienzo, ulipata ukubwa wake wakati wake, na huo hauna picha nzuri, ndiyo maana hukuuona.

Nyingine ambayo usiache kuisema ni Moravia. Lile dampo. Chini ya Fajardo na Salazar waliamua kilima cha takataka hakikaliki, gesi na sumu zinatoka ardhini, watu watoke, kilima kiwe bustani. Leo ni bustani kweli, kuna maua na njia za kutembea, na kituo cha utamaduni chini yake kilichosanifiwa na Rogelio Salmona, kazi zake za mwisho mwisho, kilifunguliwa 2008. Lakini familia nyingi zilipelekwa Pajarito, juu kabisa magharibi, kwenye maghorofa. Moravia iko katikati ya mji, karibu na stendi kuu ya mabasi ya kaskazini; mtu alikuwa anaokota chupa, anauza matunda, anarudi nyumbani kwa miguu. Pajarito unapanda kebo. Chupa huwezi kuziokota ghorofa ya saba. Walioahidiwa kutohamishwa mbali kama wa Juan Bobo walikuwa wachache waliobahatika, na mtu akikwambia Medellín haikuhamisha watu, amekudanganya.

Sasa pesa. Bili yangu iko hapa mezani. Karatasi moja: umeme, maji, majitaka, gesi, na chini ada ya taka. Anayeituma ni EPM, Empresas Públicas de Medellín. Juu imeandikwa tabaka la 3. Colombia kila nyumba imepangiwa tabaka, 1 hadi 6, kwa kutazama nyumba na mtaa, hawatazami mshahara wako. Wa 1 hadi 3 wanalipa pungufu, wa 4 analipa bei halisi, wa 5 na 6 wanalipa juu ya bei ili kuwabeba wa chini. Mama mkwe ni tabaka la 2, bili yake ndogo kuliko yangu ingawa friji lake linalia usiku kucha kama trekta.

EPM ilianzishwa 1955 na mwenye mali ni manispaa. Si wizara wala serikali kuu Bogotá: jiji. Ina mabwawa ya umeme, inauza umeme nchi nzima na hata nje, Panama, Guatemala, El Salvador. Kila mwaka inatoa gawio kwa mwenye mali, kwa kawaida asilimia 30 ya faida, na miaka mingine zaidi. Gawio hilo, pamoja na kodi za wakazi, ndilo lililojenga maktaba, shule, mabustani na ngazi za umeme. Wakati wa Fajardo waliandika kwenye mabango ya ujenzi kwamba hapa kuna kodi yako. Ukiondoa EPM, hata ungemweka malaika kiti cha umeya, milima ingebaki na matope.

Na mbuyu huo nao una mchwa wake. Mwaka 2018 bwawa jipya la Hidroituango kwenye mto Cauca lilipata hitilafu kubwa likiwa bado linajengwa, maelfu ya watu wa chini ya mto wakahamishwa, na mjini huku maswali yakaanza: gawio la mwaka ujao litakuwaje? Mji mzima ulikuwa unasikiliza taarifa ya handaki la maji kama mechi.

Mzee wa Kigogo

Marahaba binti yangu. Basi nimefungua uzi tena.

Kwani sisi kodi ya jengo hatukatwi kwenye LUKU? Tangu 2021 nanunua umeme wa kupikia chai, jengo nalo linakunywa. Tuseme na sisi tunajenga maktaba.

Mpangamiji

Hahaha mzee. Kukatwa kwenye mita kunafanana, ila ile ni njia ya kukusanya kodi tu. Binti anazungumzia umiliki. TANESCO ni ya serikali kuu, gawio lake likipatikana halitui mezani kwa mkurugenzi wa jiji. Meya wetu hata akiwa na ndoto nzuri anategemea mapato ya ndani, ruzuku na mikopo ya miradi. Kalamu, mweleze mtia nia wako aanzie hapo: diwani anaweza kupata nini kwenye bajeti ya halmashauri, asilimia ngapi, na kipindi gani cha mwaka vikao vinakaa. Medellín kwenyewe walikuwa wametenga sehemu ya bajeti ya jiji, kiasi cha asilimia 5, ipangwe na wakazi wenyewe kwenye mikutano ya mitaa. Walianza 2004. Hicho kinaigika bila bwawa.

Binti Chumbageni

Kinaigika, lakini na chenyewe kina shida zake kaka. Mtaa wenye genge, wanaokuja mkutanoni kuinua mikono ni nani? Baadhi ya mitaa magenge yalijifunza haraka kwamba mkutano wa bajeti ni mlango. Wana asasi zao, wana wagombea wao. Ofisi ya jiji ilibidi ijue nani ni nani kwenye chumba. Ndiyo maana narudi pale pale: mtu aliyetembea mitaa hiyo na kinasa sauti miaka mingi kabla ya kuomba kura anamtambua anayenyoosha mkono na aliyemtuma. Injinia mgeni ataandika kwenye ripoti kuwa wananchi wameshirikishwa.

Kwa mwenzako wa kipindi cha kero nadhani huo ndio mtaji. Si sauti yake. Ni lile daftari la simu. Nani alilalamikia mtaro gani, mwaka gani, akajibiwa nini, na nani alilipwa kuuzibua ukabaki umeziba. Akiwa nalo hilo, awaachie mafundi tofali zao.

Kalamu ya Mtaa

Dada Binti, kaka Mpangamiji, Mungu awabariki. Daftari lipo! Tuna makabrasha ya simu za wasikilizaji tangu redio ianze, yako kwenye boksi la karatasi za A4 chini ya meza ya fundi mitambo. Kesho nayatoa.

Maswali mawili ya mwisho, nisiwachoshe. Salazar baada ya 2011 ilikuwaje? Aligombea tena? Na hizo ngazi za umeme, hapa kwetu ngazi za umeme kwenye majengo zikiharibika zinageuka ngazi za kawaida milele. Huko nani anazitunza?

Binti Chumbageni

Baada ya kutoka hakulala vizuri. Mapema 2012 mwanasheria mkuu wa nidhamu wa taifa, Alejandro Ordóñez, alimpiga marufuku kushika ofisi ya umma miaka 12, kwa madai kwamba aliingilia uchaguzi akiwa madarakani. Mahakama ya juu ya mambo ya utawala ikaja kuifuta adhabu hiyo. Mwaka 2015 akagombea umeya tena. Akaanguka vibaya, aliyeshinda ni Federico Gutiérrez. Huku watu wanamkumbuka kwa heshima, kura wakampa mwingine, na sioni ajabu: 2015 vijana waliokuwa wanapiga kura ya kwanza walikuta kebo ipo tangu wako shule ya msingi. Huwezi kumwambia mtu akushukuru kwa daladala aliyoikuta.

Ngazi zinaendeshwa na Terminales Medellín, kampuni ya jiji inayoendesha pia stendi kuu za mabasi. Ziliwekewa mapaa ya rangi ya chungwa maana mvua ya huku haina adabu na mashine hazipendi maji. Shida iliyopo siku hizi ni watu. Jumamosi watalii ni wengi kiasi kwamba bibi mwenye mtungi wa gesi anasubiri pembeni wapite wanaopiga picha, spika za wacheza dansi kila kona, na wakazi wamelalamikia kelele mpaka wamechoka. Ukija njoo Jumanne asubuhi, utaona zinavyotumika na wenyewe.

Mzee wa Kigogo

Kampuni ya stendi inatunza ngazi? Stendi yetu choo tu kinawashinda.

Binti Chumbageni

Mzee wangu, wanaweza kwa sababu kila kipande kina mhudumu wa mtaa ule ule, anashinda pale kutwa na sare yake. Mara ya kwanza nilipokwenda nilikaa katikati ya ngazi na mkoba wangu, nazuia njia. Mama mmoja mwenye sare alinifokea kabla sijamaliza kutoa simu mfukoni.

Mzee wa Kigogo

Huyo mama mtumieni nauli aje Kigogo.